Chumvi Hasikii

(Hotuba kwa wakazi wa mtaa, Mikindani, Mombasa)

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wale ambao hamkuitikia popote, hamjambo?

Mwenyekiti wetu amenipa dakika ishirini nizungumzie ulinzi wa nyumba, maana wezi wa betri na mitungi ya gesi wametuchosha. Nami nimekuja na habari za mbwa ambaye ukivunja mlango nyuma yake ataendelea kulala. Mtanivumilia. Ulinzi nitaufikia, lakini kuna deni nililo nalo kwa mbwa mmoja aliyekwisha kufa, na leo nimepata watu wa kunisikiliza.

Wengi mwanijua kwa kazi yangu. Miaka ishirini na sita nimeshika kamba ya mbwa wa ulinzi, kwenye maghala ya Shimanzi na yadi za makontena kule Changamwe, usiku kwa usiku. Katika miaka hiyo kuna neno moja nimelisema mpaka likawa kama mate mdomoni: hasikii. Mbwa huyu hasikii, yule hasikii.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Mtoto ukimtuma dukani akapotelea kwenye mpira, wasema mtoto huyu hasikii. Kijana akiwapuuza wazee, ni sikio la kufa, halisikii dawa. Tumeutia utiifu ndani ya sikio tukaufungia humo. Kwa hiyo kiumbe ambaye sauti haimfiki huwa ameshahukumiwa na lugha tu, kabla mtu hajainama kumtazama.

Mwaka wangu wa nne kazini tuliletewa dume mmoja mweupe pee, mpaka kope. Wenzake wakipigiwa kipenga walikuja mbio. Yeye alibaki akinusa magurudumu ya lori. Ukimkuta amelala ukamgusa, aliruka na meno. Kwenye kitabu cha zamu niliandika kwa mkono wangu huu: "Jeuri. Hasikii." Nikampiga kwa kamba, na si mara moja. Kilichonikera zaidi ni kwamba alinikodolea macho usoni hata ninapompiga, nami nikaona huo ndio ujeuri wenyewe. Hakumaliza miezi mitatu. Alimuuma mwenzangu aliyemkanyaga usingizini, tajiri akaamua, daktari akaja na sindano, na mtu aliyemshika kichwa alikuwa mimi. Akanitazama usoni vilevile.

Hakuna aliyewahi kumpima masikio. Mimi sikujua hata kwamba yanapimwa.

Chumvi nimempata uzeeni, nikiwa nimeshakabidhi buti na tochi ya kampuni. Mbwa wa jirani alizaa watoto watano chini ya mkokoteni mbovu nyuma ya ukuta wangu. Wanne kahawia, mmoja mweupe mwenye kipaku cheusi karibu na mkia. Nilikuwa nakwenda kuwaangalia kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Wakiwa na wiki nne hivi, mama yao akija na kuchakarisha makaratasi, masikio manne madogo, namaanisha jozi nne, yanasimama. Yule mweupe analala tu, mpaka nduguze wamkanyage wakikimbilia maziwa. Ndipo anaamka naye kama mtu aliyepitwa na matatu.

Nikadondosha sinia la bati sakafuni. Akainua kichwa! Nikafurahi, nikarudi ndani kunywa chai. Nusu ya kikombe nikakumbuka kuwa sakafu ni ya saruji, na tumbo lake lilikuwa juu ya saruji hiyohiyo. Alichopata ni mtikisiko. Nikarudi na kile kipenga changu cha kazini, nikasimama nyuma yake, mbali kidogo, upepo ukivuma kutoka kwake kuja kwangu ili asininuse. Nikapuliza. Nduguze wakatawanyika. Yeye alikuwa anatafuna kamba ya ndara, akaendelea kuitafuna.

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Nilikuwa namkumbuka dume wa ghala.

Sasa niwaeleze nilichojifunza baadaye kwa daktari wa mifugo na kwa kusoma kwangu. Watoto wa mbwa wote huzaliwa viziwi. Mnacheka, lakini ndivyo. Wanazaliwa macho yamefumba na njia ya sikio imeziba, nayo huzibuka karibu siku ya kumi na nne. Kwa hiyo kilebu wa siku kumi asiposhtuka, huna la kusema. Hukumu yako ingoje juma la tano. Ndani kabisa ya sikio kuna utando unaopitisha damu ya kulisha chembe za kusikia, na utando huo hauishi bila chembe zilezile zinazotia rangi kwenye ngozi na manyoya. Mbwa aliyerithi weupe wa namna fulani, chembe za rangi hazimfiki humo ndani. Utando unasinyaa, chembe za kusikia zinakufa kwa njaa mtoto akiwa na wiki tatu au nne, na zikishakufa hazirudi. Hakuna matone, hakuna kombe, na mafuta ya nazi ya moto tafadhali sana yaacheni jikoni.

Nimesema weupe wa namna fulani kwa sababu mbwa wengi weupe wanasikia vizuri kabisa. Lakini wale weupe wa madoadoa meusi, Dalmatian, waliopimwa huko Marekani karibu 3 kati ya 10 walikuwa na kasoro, na wengi wao ni sikio moja tu. Huyo wa sikio moja waweza kuishi naye miaka kumi usijue. Utaona tu kwamba ukimwita anageukia upande usiko. Halafu kuna mbwa wa mabaka ya kijivu kama moshi, wa kifahari, vijana wanawapenda. Ukimpandisha wa mabaka hayo na mwenziwe wa mabaka hayohayo, kwa hesabu ya urithi robo ya watoto hupata dozi mbili, na wengi wa hao huzaliwa weupe, baadhi viziwi, wengine na macho mabovu juu yake. Anayekuuzia kilebu wa namna hiyo muulize rangi ya baba na ya mama kabla hujatoa simu yako kulipa.

Hata kwa paka ni hivyo. Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliandika kwamba paka weupe wenye macho ya buluu aghalabu ni viziwi. Angepita Mji wa Kale, wachuuzi wa samaki wangemwonyesha paka wa kila rangi amalize utafiti wake kwa asubuhi moja.

Basi nikamchukua yule mweupe alipofika wiki nane. Mke wangu akampa jina la Chumvi, jina ambalo mwenyewe hajalisikia hadi leo.

Wiki ya kwanza mwanafunzi nilikuwa mimi. Kumwamsha tu kulikuwa somo. Mbwa asiyesikia anaishi kama mtu aliyezungukwa na watu wanaotokea ghafla kutoka hewani. Ukimgusa usingizini, kwake umetoka ardhini. Nilinunua pafu la ng'ombe buchani, maana ni rahisi, nikalichemsha, nikakata vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Akiwa amelala naweka kiganja mbele ya pua yake, mbali kwa shubiri moja, nangoja. Harufu inafika. Pua inaanza kucheza kabla jicho halijafunguka, mtu ukiwa na subira utaiona. Hapo ndipo namgusa bega kwa vidole viwili, jicho linafunguka, na pafu liko tayari. Mara kumi kwa siku, kila siku. Haukupita mwezi, mjukuu wangu akamkanyaga mkia kwa bahati mbaya, na Chumvi akaamka akitafuta pafu. Yule wa ghala aliamka akitafuta adui, kwa sababu sisi sote tulimwamsha kwa buti.

Na hapa lugha yetu inanipa cha kujitetea. Kiswahili hichohicho kinasema nasikia harufu, nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia mtu ananigusa. Kwa hesabu hiyo Chumvi anasikia kunipita mimi. Kilichopungua ni mlango mmoja tu.

Baada ya kuamsha nikamlipa kwa kunitazama. Sikumwita, ningemwitaje? Nilikaa kwenye kigoda uani, na kila aliponiangalia kwa hiari yake nilinyanyua dole gumba juu, na kabla hujahesabu mbili pafu lilikuwa mdomoni. Dole gumba ndilo "vizuri" lake. Mwanzo aliniangalia mara tatu kwa saa. Baadaye ikawa siwezi kuvuka ua bila yeye kugeuka kila hatua chache kuona kama nina neno. Mbwa anayesikia waweza kumzoeza kwa uvivu, ukiwa umelala kitini unapiga kelele. Huyu ukizembea kidogo amesahau kuwa upo.

Ishara zilizobaki nilizichukua kazini. Mbwa wa doria usiku haamrishwi kwa mdomo kila mara, mwizi atasikia. Kiganja kikipanda juu, keti. Kiganja kikikabili uso wake, tulia hapo. Zote za mkono mmoja, maana mkono wa pili umeshika kamba. Na "lala" ilikuwa kiganja kuangalia chini, unakishusha polepole.

Hapo nikajitia matatani. Mke wangu ni mtu wa Lamu. Kwao, na kwetu pia kwa mtu aliyelelewa, humwiti mtu kwa kidole wala kwa kiganja cha juu. Unageuza kiganja chini, unapunga vidole. Basi siku moja amesimama mlango wa jikoni na bakuli, anamwita Chumvi kwa adabu zote za Lamu. Chumvi akalala. Akamwita tena kwa kupunga zaidi. Chumvi akajilaza bapa kama mkeka, mkia unatingishika, anangoja pafu lake. Mama huyo akanigeukia: "Baba watoto, mbwa wako huyu hasikii!" Neno lilelile la Shimanzi, limehamia jikoni kwangu. Na safari hii mbwa alikuwa ametii mara mbili.

Tukabadilisha. "Lala" ikawa kidole kimoja kuonyesha sakafu, "njoo" ikawa mkono kuvutwa kifuani. Nikamkalisha kila mtu wa nyumba, mpaka binti anayekuja kufua, tukafanya mtihani. Nyumba ikiwa na "njoo" tatu, mbwa atachagua asiyoielewa.

Kuuma kulinisumbua zaidi ya nilivyotarajia. Vilebu hujifunza nguvu ya meno kwa kuumana wenyewe: ukizidisha, ndugu yako analia na kuondoka. Chumvi hakuwahi kusikia kilio hicho, kwa hiyo alikuwa anatafuna vifundo vya miguu yetu kwa moyo mweupe kabisa. Kumpiga kofi nilishakataa. Akiuma kwa nguvu, mchezo unakufa: nasimama, nampa mgongo, naondoka. Mgongo kwa mbwa anayeishi kwa kutazama uso ni adhabu kubwa. Ilichukua miezi, na soksi nyingi.

Najua kuna swali linalozunguka humu ndani, na wenzangu wa msikitini mnaniangalia. Mimi ni Mwislamu. Mate ya mbwa kwa madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nami naosha. Ana bakuli lake, banda lake liko nje, mimi nina nguo za mbwa na kanzu ya swala, hazikutani. Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, na sote tumefundishwa chuoni kisa cha yule aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akiramba tope kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Jina lake la mikono alipewa na jirani yetu fundi cherehani, ambaye ni kiziwi. Namwita kiziwi, naye mwenyewe anajiita hivyo. "Bubu" hataki kuliona hata limeandikwa. Alinikuta uani nikihangaika, akaegemea ukuta akanitazama kwa muda. Kisha akasugua kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayetia chumvi mchuzini. Nikaelewa. Hilo ndilo jina: chumvi kidogo hewani. Mbwa alilijua kwa siku tatu.

Nikaanza kumsifia kwa watu kwamba mbwa wangu anajua lugha ya ishara. Fundi akaniandikia kwenye simu yake, akaninyooshea nisome: "Mbwa wako anajua maneno kumi na mawili. Mimi nina lugha." Nikaona haya, na alikuwa sahihi. Lugha ya Ishara ya Kenya imo ndani ya Katiba ya 2010, ni moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, ina mizaha yake na matusi yake. Tangu siku hiyo najifunza kwake jioni, pole pole, na nimegundua ni miaka kumi na moja tumeishi ukuta kwa ukuta mimi nikimpungia mkono tu. Wengine wenu bado mwamwita kwa kumtupia kokoto.

Njiani Chumvi hafunguliwi kamba. Kamwe. Magari makubwa ya barabara ya Nairobi, bodaboda zinazopita upande usiofaa, tuktuk inayorudi nyuma bila kuangalia, vyote hivyo wenzake wanavipata kwa masikio kwanza. Mkanda wake wa shingo una kitambaa cha njano alichokishona fundi, kimeandikwa SISIKII pamoja na nambari yangu ya simu. Maandishi hayo nayatilia mkazo kwa sababu mbwa mgeni anayetembea bila kugeuka watu wakimkemea, mtaani kwetu huitwa mwenye kichaa, na mawe huanza kabla ya maswali. Kesho asubuhi daktari wa mifugo wa kaunti yuko hapa nje na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mlete mbwa yeyote aliyetimiza miezi mitatu, na mrudi kila mwaka. Serikali imeweka lengo kwamba kufikia 2030 asife mtu Kenya kwa ugonjwa huo. Na mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, kwa saa, halafu hospitali. Msimpeleke kwa mtu wa kumpaka kitu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, ulinzi.

Chumvi hawezi kuwa kengele ya nyumba, nisiwadanganye. Kelele za mkesha wa mwaka mpya, fataki na honi za meli kule Kilindini, mbwa wa mtaa mzima wako chini ya vitanda, yeye anakoroma. Lakini nilimchukua na dada yake, mmoja wa wale kahawia, tukamwita Pilipili. Pilipili anasikia hadi panya akiwaza. Na Chumvi, bila mimi kumfundisha, amejifunza kutazama masikio ya Pilipili. Yakisimama, naye anasimama. Pilipili anabweka kutoka mbali, maana ni mwoga; Chumvi anakwenda. Mwizi aliyezoea kumbembeleza mbwa kwa mluzi na maneno matamu anakuta maneno yake hayana pa kuingilia. Mtungi wangu wa gesi bado upo.

Usiku namwita kwa tochi: namulika chini mara mbili, anageuka, kisha naumulika mkono wangu mwenyewe ili aone ishara. Si taa ya kuchezesha ukutani akaikimbiza, hiyo humtia mbwa wazimu wa kukimbiza vivuli. Mara mbili fupi, basi.

Yuko nje na mjukuu wangu, karibu na lango la shule, hatua kama sitini kutoka mlango huu. Wenye kuogopa mbwa wasogee kwenye viti vya nyuma, hapiti katikati. Akifika msipige makofi, kwake ni kazi bure. Nyanyueni mikono mitikise vidole hivi, kama anavyofanya fundi pale. Naam, hivyo.

Kijana wa mlangoni, zima taa.